Mgongo kwa Mgongo

Wajukuu zangu wanavaa mabegi ya shule huku mikanda imelegea mpaka begi linawapiga matakoni. Wanatembea wameinama kama watu waliodondosha sindano barabarani. Nikiwaambia wavute mikanda, wananitazama kwa huruma. Bibi atajua nini kuhusu mabegi? Basi nawaacha wainame, mgongo ni wao.

Mimi nilijua fremu ya mgongoni kabla sijajua kusoma. Nilizaliwa upande wa Iringa, karibu na Mafinga, ambako baba yangu alikuwa mpasua mbao. Nikiwa mtoto nilianguka kutoka juu ya rundo la magogo, na shingo yangu ikapona vibaya. Tangu hapo sijaweza kuweka kitu kichwani. Msichana wa Kibena asiyeweza kujitwisha hata kibuyu! Shangazi zangu walikuja mmoja mmoja kumpa mama pole, kana kwamba msiba umetokea. Mmoja alisema mbele yangu kwamba sitaolewa, akala ugali wetu mpaka akashiba, akaenda zake.

Baba alikwenda Iringa mjini, kwenye mnada wa mzungu mmoja aliyekuwa anauza vitu vyake arudi kwao, na wenzake wakinunua masufuria na viti yeye akarudi na kitu ambacho majirani walidhani ni ngazi. Zilikuwa mbao mbili ndefu zilizounganishwa kwa vipande vya kukingama, na mikanda miwili ya ngozi ya kupitisha mabegani. Huyo mzungu lazima alikuwa mrefu kupita kiasi, maana nilipoivaa mara ya kwanza miguu ya fremu ilinigonga visigino. Baba aliikata kwa msumeno. Halafu akachukua kekee akatoboa matundu pande zote mbili, moja juu ya jingine, ili mikanda ipandishwe kadiri ninavyokua. Mwisho akaleta kipande cha mkanda wa mashine uliokatika kiwandani, kipana na kigumu, akakifanya mkanda wa kiunoni.

"Mabega ni ya kushikilia tu, mwanangu," aliniambia. "Anayebeba ni nyonga."

Akanipima kwa kamba, kuanzia kwenye mfupa unaotokeza chini ya shingo hadi kwenye ukingo wa nyonga. Akanifundisha kufunga kwanza mkanda wa kiunoni, tena kwa nguvu, ndipo nivute ile ya mabegani, na kubakiza nafasi ya kupitisha kiganja. Kitu kizito kikae juu na kiugandame mgongo. Kikikaa mbali kitakuvuta nyuma, nawe utainama mbele kushindana nacho, na aliyeinama amekwisha kushindwa. Kisha akanigeuza, akanitazama kwa muda, akasema kwa sauti ya chini, "Bega lako la kulia limeshuka, ni ile shingo. Fupisha mkanda wa kulia. Huna haja ya kumwambia mtu."

Nikapiga fundo kwenye mkanda wa kulia, nikalificha chini ya nguo. Hakuna aliyelijua zaidi yetu wawili.

Nilibeba kuni, mahindi, maji kwenye debe, na shangazi zangu wakiwa na shingo zilizozama mabegani kwa kujitwisha. Nikaolewa pia, samahani sana shangazi. Mume alikuwa kijana wa Kinyakyusa aliyekuja Mufindi kuchuma chai. Aliniona napita na mzigo wa kuni mrefu kuliko yeye, akaamua kwamba huyu ndiye. Nilidhani amependa uso wangu. Tulifunga ndoa kanisani, akanipeleka kwao, kwenye miteremko ya Rungwe, akanikabidhi kwa wazazi wake, naye akaondoka kwenda kwenye migodi ya shaba. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, na vijana wote walikuwa wakienda huko. Walirudi na baiskeli, au hawakurudi.

Sasa, huko nilikoolewa, mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Sisemi habari ya kuheshimiana. Hata kwetu tunaheshimiana. Nasema hawaonani. Nikisikia kikohozi chake ilinibidi niache jembe nikimbilie migombani. Tukikutana njiani niingie majanini, nijifunike nguo, nigeuze uso mpaka apite, naye ageuze wake. Jina lake nisilitaje, wala neno lolote linalofanana nalo. Na kwa bahati yangu jina lake lilifanana na neno lao la mvua, na Rungwe mvua ndiyo habari ya kila siku, basi niliishi pale nikiita mvua "maji ya juu". Wala si yeye peke yake. Ndugu zake na wazee wote wa rika lake walikuwa wakwe zangu. Njia nzuri zilikuwa zao, na za sisi wake wa watoto zilipita nyuma ya migomba, kwenye matope.

Jumapili tulikaa kanisani, wao mbele na sisi nyuma tumejifunika, tukaimba kwamba sote ni ndugu. Tukitoka nje, nakimbilia migombani.

Mzee akitaka kuniambia jambo, alimwambia mke wake. Mimi nikiwa upande wa pili wa ukuta wa mianzi nilisikia kila neno. Halafu mama mkwe alijikongoja akauzunguka ukuta, akaja kuniambia lile nililokwisha kusikia, na nilipaswa kungoja mpaka amalize. Jibu langu nalo lilisafiri njia ileile. Siku moja tulizungumza hivyo habari ya jogoo aliyepotea, na mpaka mama mkwe anamaliza safari zake jogoo alikuwa amekwisha kurudi mwenyewe.

Na fremu yangu waliicheka. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wanasema, na kamba yangu mimi ilikuwa hiyo. Waliiita tandiko la punda. Wanawake walinipita na mikungu ya ndizi vichwani, wima kama milingoti, wakiniuliza kama kwetu Iringa watu huzaliwa bila vichwa. Niliwajibu kwamba kwetu vichwa tunavitumia kufikiri. Hawakunipenda, nami sikulala macho kwa sababu hiyo.

Basi, masika moja baba mkwe aliugua. Niliambiwa ni tumbo. Ilikuwa ngiri, na kila mtu kijijini alijua, hata mimi, lakini mke wa mtoto hawezi kuwa na masikio ya kusikia maradhi ya namna hiyo ya baba mkwe wake. Kwa miaka mingi ngiri ile ilitoka na kurudi. Safari hii haikurudi. Alitapika usiku kucha, na asubuhi mama mkwe aliingia jikoni akakaa chini bila kutafuta kigoda.

"Imekataa kurudi," aliniambia, akasahau kwamba sikupaswa kuambiwa.

Dresa wa zahanati alikuja, akambonyeza, akanawa mikono. Alisema maneno machache. Mzee apelekwe Mbeya hospitali akapasuliwe, leo hii. Akilala hapa usiku mmoja zaidi, wachimbe kaburi.

Kutoka kwetu hadi barabara itokayo Tukuyu kulikuwa na mteremko wa matope katikati ya mianzi, njia yenyewe nyembamba na yenye kona kali. Chini kulikuwa na mto, na juu ya mto gogo moja. Ukishavuka, unapanda kidogo unaikuta barabara. Kwa vijana wanne wenye nguvu isingekuwa taabu, ila vijana walikuwa chini ya ardhi ya watu wengine wakichimba shaba. Waliobaki ni wazee. Wakafunga machela kwa miti mirefu na blanketi, wakamlaza, wakaondoka wakiimba wimbo wa kanisa. Miti ile haikukata hata kona ya pili. Mbele ilichoma mianzi, nyuma ilining'inia kwenye korongo, mmoja akateleza, mgonjwa akaingia kwenye matope. Wakarudi naye kabla ya saa sita, wamelowa, na wimbo umekwisha.

Hapo ndipo aliposimama mdogo wake baba mkwe. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye mwavuli na sauti nzito, na alipenda sana kuisikia sauti hiyo. Akasema binadamu tumefanya yetu, sasa tumwachie Mungu. Nilikuwa nyuma ya migomba, nimejifunika, nikayasikia yote. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kaka yake alikuwa anageuka rangi pale kwenye jamvi, naye anatafuta aya.

Mama mkwe alikuja migombani akanikuta.

"Lile tandiko lako," alisema. "Linabeba mtu?"

Nilimwambia linabeba. Nilikuwa na kipande cha ubao nilichokuwa naweka chini kukalisha debe, na ubao ule ungeweza kumkalisha mzee mwembamba kama yule. Akaichukua fremu akaipeleka uani, na yule mzee wa kanisa, alipoona kuna kitu cha kufanya mbele ya watu, akavua koti lake akasema ataibeba yeye.

Alikuwa mrefu, na mikanda ilikuwa imefungwa kwa kipimo changu. Nikamtuma mama mkwe akamwambie apandishe mikanda matundu mawili. Akaenda, akasema. Nikamtuma tena akamwambie afunge kwanza kiunoni.

"Sitafundishwa kubeba mzigo na mwanamke aliyejificha kwenye migomba!" alinguruma yule bwana, bila kutazama upande wangu, maana mila ni mila.

Akauacha mkanda wa kiunoni uning'inie kama mkia. Fremu ilimkaa katikati ya mgongo, mikanda ikamkata kwapani. Wakamkalisha kaka yake juu yake. Alipiga hatua chache, kifua mbele, macho kwa watu, kisha uzito ukamvuta nyuma akaanza kurudi kinyumenyume, harakaharaka, mpaka akakaa juu ya jiko la nje. Wazee waliwahi kumdaka mgonjwa. Yeye hawakumdaka. Nilijifunika mdomo kwa nguo, na sitasema uongo, nilicheka huku nalia.

Kisha nikasema nitambeba mimi.

Mama mkwe alipeleka neno hilo uani, na ungedhani amesema nataka kumchinja. Mkamwana ambebe baba mkwe! Wazee wakakaa chini. Ndiyo, wakakaa chini kwenye vigoda, mtu akikoroma kwa maumivu karibu yao, wakajadili. Nikatuma neno tena: sitamwona. Yeye atakaa akitazama nyuma, mimi natazama mbele, mgongo kwa mgongo. Hapo mjadala ukanoga. Je, mgongo ni mtu? Mmoja akasema uso ndio unaoona haya, mgongo hauna macho. Mwingine akasema mgongo ukiguswa unajua umeguswa. Wakataka kujua kama kuna mzee yeyote aliyewahi kusikia jambo hilo. Hakuna aliyewahi. Ilipokuwa inakaribia saa nane mama mkwe alisimama katikati yao, na yule mama sijawahi kumsikia akipaza sauti kabla ya siku hiyo wala baada yake.

"Basi nyinyi kaeni na mila," alisema. "Mimi nitakaa na maiti."

Wakakubali, kwa sharti. Pawekwe kipande cha jamvi kati ya mgongo wake na wangu, ili nguo isiguse nguo. Wakaona wametoa hukumu ya busara kabisa.

Wakampandisha kwenye fremu ikiwa juu ya kinu, kisha wote wakageuka wakatazama mlima, nikatoka migombani. Kabla hawajampandisha nilikuwa nimemtuma mama mkwe apandishe ubao wa kukalia matundu mawili ili uzito wake ukae juu ya nyonga zangu. Mama mkwe akamfunga kifuani kwa shuka, na magoti nikamwambia ayakunje, ayafunge kwa mbeleko, maana miguu ikining'inia ingenivuta nyuma kama ilivyomvuta yule bwana. Kumbe kukunja magoti kulimpunguzia na maumivu. Nilisikia mkoromo wake ukishuka. Nikachuchumaa, nikafunga mkanda wa mashine kiunoni mpaka nikakosa pumzi, nikavuta ya mabegani, nikapitisha kiganja. Nikasimama. Hakuwa mzito kuliko kuni mbichi.

Tukaondoka hivi: mbele kabisa yule mzee wa kanisa, mwavuli juu, ametangulia mbali ili asije akaniona, kisha mimi, kisha baba mkwe, ambaye mimi naye tulikuwa mtu mmoja mwenye nyuso mbili, kisha mama mkwe, nyuma, akitazamana na mume wake. Kwa hiyo mkalimani wetu alikuwepo.

"Mwambie apunguze mwendo," alisema baba mkwe. Nilimsikia kwa mbavu zangu.

"Anasema upunguze mwendo," alisema mama mkwe.

"Mwambie nikipunguza nateleza."

"Anasema akipunguza anateleza."

"Nimesikia," alisema mzee, akasahau kwamba hakupaswa kunijibu.

Jamvi lilikuwa taabu tupu. Lilikuwa nene, na lilimsukuma mbali nami, kwa hiyo kila kona uzito ulibaki nyuma nami nikaanza kuinama. Nilikumbuka maneno ya baba. Nikasimama, nikasema tu kwamba jamvi litatuua. Mama mkwe alitazama mbele kama shemeji yake yuko mbali. Akalichomoa, akalitupa mianzini, wala hakuna aliyeliongelea tena. Mgongo wake ukaja juu ya wangu, mifupa kwa mifupa, wa moto kwa homa. Tangu hapo nilitembea wima.

Tukafika kwenye gogo. Lilipitisha mtu mmoja mmoja, na mvua, samahani, maji ya juu yalikuwa yamelifanya liteleze. Mzee wa kanisa alikuwa amekwisha kuvuka na kupotelea juu. Mama mkwe akabaki ukingoni kusubiri zamu yake. Nikavua viatu, nikaingia.

Katikati ya gogo nilisikia upande wa kushoto unashuka ghafla. Fremu ilipinda, mguu wangu ukatafuta pa kukanyaga, maji yalikuwa yananguruma chini. Halafu ile fremu ikatulia. Nikadhani mkanda umejivuta ukakaza. Sikuthubutu kupeleka mkono nyuma. Nikatembeza nyayo polepole mpaka ng'ambo, nikasimama nikimngoja mama mkwe, ambaye alivuka kwa magoti, akisali kila shubiri. Alichukua muda mrefu. Mzee wala hakuguna.

Mama mkwe alipofika tu, alipiga ukelele.

"Shusha! Mshushe!"

Nikarudi nyuma mpaka kwenye jiwe, nikaitua fremu juu yake. Mkanda wa kushoto ulikuwa umekatika chini, pale unapofungwa kwenye mbao, karibu na paja lake. Alikuwa ameushika. Aliudaka ulipokatika akauviringisha kwenye kiganja, akashikilia uzito wake mwenyewe kutoka katikati ya gogo, na muda wote niliosimama pale kama mjinga nikimngoja mkewe. Ngozi ilikuwa imeingia kwenye nyama. Mama mkwe alimkunjua vidole kimoja kimoja.

Nilikasirika. Neno moja! Angesema "simama", angesema "mkanda", angepiga mluzi kama anayeita mbwa. Tungeweza kufa wote wawili kwa ajili ya adabu.

"Mwambie siku nyingine aseme!" nilimwambia mama mkwe.

Mama mkwe, damu ya mumewe mikononi, akamgeukia akamwambia: siku nyingine useme. Mimi na mzee tulikuwa tumegusana mabega.

Mzee akajibu, na mama mkwe akaniletea jibu.

"Anasema hapakuwa na mtu wa kukuambia."

Nikachana upindo wa nguo yangu, nikausokota, nikafunga mahali pa mkanda. Tukapanda hadi barabarani. Pale tulimkuta mzee wa kanisa chini ya mwavuli wake, mgongo kwetu, na lori la mchele lililotoka Kyela alikwisha kulisimamisha, hilo nampa haki yake. Alikwisha pia kukaa mbele na dereva. Mgonjwa na sisi tukapanda juu ya magunia. Tulifika Mbeya jua likizama. Karani wa hospitali aliuliza jina la mgonjwa, akanitazama mimi kwa kuwa nilikijua Kiswahili vizuri kuliko mama mkwe, nami nikatazama ukuta. Mama mkwe akataja. Wakamwingiza ndani usiku uleule, wakampasua, akapona.

Aliporudi nyumbani kulikuwa na ibada ya shukrani. Mdogo wake alisimama akamshukuru Mungu, akawashukuru wazee waliojitoa kwa machela, akakishukuru chombo cha usafiri. Nilikaa nyuma nimejifunika kichwa. Chombo cha usafiri ndimi, au ndilo lori, hakufafanua.

Wale sikuwajali. Lakini kwa mzee nilitaka neno. Naandika bila haya: nilitaka aniambie asante, hata kwa neno linalozunguka ukuta. Nilikaa jikoni nikisikiliza mianzi. Siku ya tatu nikamsikia anasema na mkewe, nikashika mwiko kwa mikono miwili, nikangoja mama azunguke.

"Mzee anasema," alisema mama mkwe, "ule mkanda wa kushoto ulikuwa umeoza. Anasema ngozi ikinyeshewa sharti ipakwe mafuta."

Nilitupa mwiko. Ulipiga ukuta upande wake, na najua alisikia. Akakohoa, akaenda zake.

Mwezi mzima nilibeba mizigo kwa ule upindo wa nguo, makusudi, nikipita karibu na ua wake ili auone, ingawa alikuwa akigeuza uso kila mara na mimi nikiingia majanini kila mara. Walitucheka. Wale wanawake wa mikungu waliniita mchukuzi wa wakwe. Mume wangu alipata habari huko migodini, akaandikisha barua ya kuniuliza kama ni kweli nimemvunjia heshima baba yake.

Kisha asubuhi moja mama mkwe aliingia jikoni na mikanda miwili mipya. Ilikuwa ngozi ya ng'ombe, imelainishwa kwa mafuta mpaka inakunjika kama kitambaa, imeshonwa pindo, na matundu yamekwisha kutobolewa.

"Imetoka kwa mzee," alisema. "Lakini amezeeka, macho hayaoni. Mmoja ameukata mfupi."

Nilizoea mikanda mipya. Inabidi uivae, uivue, uongeze tundu, uivae tena, siku nzima mpaka ikukubali. Niliifunga kwenye fremu, ule mrefu kushoto na ule mfupi kulia, nikaikaza kiunoni, nikavuta. Nikapitisha kiganja. Hapakuwa na cha kuongeza wala cha kupunguza, na sikuhitaji fundo.

Mume wangu, aliyenitazama kila upande kwa ridhaa ya kanisa, hakuwahi kugundua kwamba bega langu moja liko chini. Shangazi zangu walionihurumia hawakugundua. Alijua baba aliyenizaa, na alijua huyu, ambaye hajapata kuniona hata mara moja.

"Nani alimpa kipimo changu?" nilimuuliza mama mkwe.

"Hakuna," alisema. "Nani angekuuliza?"

Nje kikasikika kikohozi, kikija na njia. Nilitoka na fremu mgongoni nikaingia migombani, nikageuza uso nikatazama mlima, na kwa kuwa nilikuwa nimeugeuza, nilimpa mgongo. Hatua zake zilifika, zikasimama muda mfupi nyuma yangu, zikapita.

Neno moja lingemgharimu kidogo kuliko ngozi nzima ya ng'ombe. Lakini watu wale, kweli, walikuwa wakaidi.